Mizani inapita ukaguzi kila asubuhi lakini maji safi yanatoka na uzito hasi: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki ni cha mizani moja ya maabara, ile ya digiti nne baada ya nukta, uwezo wake gramu 220 na inasoma mpaka 0.1 mg, iko kwenye maabara inayopima maji. Kazi yake kubwa pale ni kupima mabaki, yaani unachukua kibakuli cha kauri kikavu unakipima, unamimina maji mililita 100, unayakausha kwenye oveni ya nyuzi 103 mpaka 105, kibakuli kinapoa ndani ya desiketa, yaani chombo kinachofungwa kisiingize unyevu, unakipima tena, ukitoa uzito wa kwanza kwenye wa pili umepata yabisi zilizokuwa kwenye yale maji. Kazi ya kawaida sana na watu wa pale wanaijua vizuri.

Shida ilianzia kwenye blanki. Blanki ni kibakuli kinachopitia hatua zote zilezile ila ndani yake yamewekwa maji yaliyosafishwa, kwa hiyo jibu lake linatakiwa liwe sifuri au karibu kabisa na sifuri, tuseme 0.2 mg juu au chini. Sasa blanki zikaanza kuyumba, siku hii inatoka +2.2 mg, nyingine 0.1, nyingine −2.3. Hiyo ya hasi ndiyo iliyowashtua watu, maana +2 unaweza kuitafutia maelezo, labda vumbi, labda maji hayakuwa masafi, labda mtu kashika kibakuli kwa kidole, lakini hasi maana yake kibakuli kimepungua, yaani maji safi yameimega kauri kwa miligramu mbili na zaidi, kitu ambacho hakiwezekani kwa kibakuli kizima kisicho na ufa wala kubanduka. Na sampuli yenyewe ni mililita 100 tu, kwa hiyo kosa la 2.2 mg ukiligeuza kuwa jibu ni 22 mg kwa lita, kwenye maji ambayo ukweli wake ni 200 hivi umeshakosea zaidi ya asilimia 10.

Wakati huohuo daftari la mizani lilikuwa safi kabisa. Utaratibu wao ulikuwa hivi: asubuhi unacheki kama mizani imekaa sawa mezani, kile kiputo chake cha usawa kiwe katikati, unafagia sahani kwa brashi laini, unabonyeza CAL, kitufe cha kuirekebisha mizani, nayo inakuomba jiwe la gramu 200, unaliweka kwa kibano, inamaliza, unaliondoa, kisha unalirudisha lilelile kama ukaguzi na unaandika namba. Ukipekua kurasa unaona 200.0000, 200.0001, 199.9999, 200.0000, mwezi mzima. Kikomo chao kilikuwa nusu miligramu na haikuwahi hata kukisogelea. Kwa hiyo kila aliyeulizwa alianza na sentensi ileile, mizani ni nzima, tatizo liko kwenye sampuli.

Kulikuwa na dalili nyingine ambayo wengi hawakuihesabu kama dalili. Kwenye kazi ya mabaki unarudia kukausha, kupoza na kupima mpaka uzito utulie, na kigezo kinachotumika sana ni kwamba tofauti ya mara mbili mfululizo iwe chini ya 0.5 mg au chini ya asilimia 4 ya uzito uliotangulia, ile iliyo ndogo kati ya hizo. Pale maabara vibakuli vingine vilikuwa vinatulia mara ya pili tu na vingine havitulii, unakausha leo unapima, kesho unakausha tena kinaongezeka, keshokutwa kinapungua, mtu anakirudisha oveni tena na tena akidhani hakijakauka. Kibakuli ambacho hakijakauka kinapungua tu, hakiwezi kupungua halafu kiongezeke halafu kipungue. Hapo tayari kuna habari ila inataka mtu aziweke hizo namba mezani pamoja.

Mtuhumiwa wa kwanza akawa joto, na ni haki kabisa kumtuhumu kwanza. Kibakuli chenye moto kidogo kinapasha hewa iliyokizunguka, hewa inapanda, na inakipunguzia uzito, kwa hiyo kinasoma kidogo kuliko kilivyo na namba inapanda polepole kadiri kinavyopoa. Hii inajulikana kwa mwelekeo wake, sio kwa ukubwa. Ukikaa mbele ya mizani na saa mkononi, namba ikipanda taratibu kisha ikatulia basi shuku joto, au shuku mabaki yanayovuta unyevu kutoka hewani, na kutofautisha hivyo viwili unaweka kibakuli kitupu cha aina ileile kilichopozwa vilevile, kikitulia kitupu na chenye mabaki kikaendelea kupanda basi ni unyevu. Vibakuli vya pale viliachwa kwenye desiketa muda mrefu kuliko kawaida, vikapimwa, namba zikatulia ndani ya sekunde chache na hazikutembea. Lakini blanki ya siku iliyofuata ikatoka +2.1. Joto likatoka kwenye orodha.

Umeme tuli nao ukapewa nafasi yake. Kauri iliyong'arishwa, kioo na plastiki vinashika chaji hasa hewa ikiwa kavu, na vitu vilivyotoka kwenye desiketa vinakuwa vikavu kwelikweli, halafu chaji inavutana na kuta za vioo vya mizani na unapata namba inayoruka, isiyorudi mahali pake, ukikizungusha kibakuli inabadilika. Walitumia kifaa cha kuondoa chaji, wakakipima kibakuli kabla na baada, hakuna mabadiliko yoyote. Na mimi naona hapa pana alama nzuri ya kutofautisha: umeme tuli hauna adabu, kila ukipima unakupa namba nyingine, ila hii shida ya pale ilikuwa na adabu ya ajabu, siku yoyote ukichukua kibakuli ukikipima mara tano mfululizo unapata namba ileile mara tano. Ni siku ikibadilika ndipo namba inabadilika.

Upepo wa kiyoyozi, mtikisiko wa meza, mlango wa kioo usiofunga vizuri, vyote hivyo vinaongeza mtawanyiko. Namba inacheza, alama ya utulivu inachelewa kutokea. Haviwezi kuhamisha namba tulivu kwa miligramu mbili kisha kuiacha tulivu pale ilipohamia. Kwa hiyo hivi havikuchukua muda.

Ikabidi mizani yenyewe ipimwe bila sampuli kabisa, na hapa ndipo watu wengi wanapotoka na cheti cha uzima wakati mgonjwa bado yupo. Jiwe la gramu 100 liliwekwa na kuondolewa mara 10, mtawanyiko wake, yaani mchepuko wastani, ukatoka 0.07 mg, mzuri kwa mizani ya digiti nne. Jiwe hilohilo likawekwa katikati kisha kwenye pande nne za sahani, tofauti kubwa ikawa 0.2 mg, nzuri. Jiwe likaachwa juu ya sahani nusu saa, namba haikutembea. Marudio mazuri, kona nzuri, utulivu mzuri. Fundi yeyote angefunga begi lake.

Ila majaribio hayo matatu yana kitu kimoja yanachoshiriki: hayaangalii kama gramu ya mizani ni gramu kweli. Yanaangalia kama mizani inasema neno lilelile kila mara. Mizani inayozidisha kila kitu kwa kiwango kilekile itayapita yote matatu bila shida. Na bahati mbaya siku ya majaribio hayo ilikuwa siku ambayo mizani ilikuwa sawa, hilo lilijulikana baadaye.

Kilichofungua njia ni mpangilio wa namba za zamani. Vibakuli vya pale havikuwa vya ukubwa mmoja, kulikuwa na vidogo vya gramu 45 hivi, vya kati vya gramu 75 na vikubwa vya karibu gramu 110. Ukichukua blanki mbaya zote ukazipanga kwa uzito wa kibakuli, bila kujali alama ya kujumlisha au kutoa, vile vidogo vilikosea kama 1.3 au 1.4 mg, vya kati 2.2 au 2.3, vikubwa 3.2 au 3.3. Gawanya mwenyewe, zote zinakupa kitu kilekile, 0.03 mg kwa kila gramu, yaani sehemu 30 kwa milioni. Kosa linaloongezeka sambamba na mzigo na kupita kwenye sifuri. Vumbi halifanyi hivyo. Unyevu unafuata eneo la kitu na aina ya mabaki, hauwezi kufuata uzito wa kibakuli kwa usahihi huo. Kosa la aina hii lina chanzo kimoja tu kwenye mizani, nacho ni usikivu wake, yaani ule uhusiano kati ya mzigo na namba inayotokea.

Hapa inabidi niseme kidogo mizani ya aina hii inavyofanya kazi maana bila hivyo kinachofuata hakieleweki. Ndani hakuna springi inayovutika. Kuna koili ya waya iliyokaa kwenye uga wa sumaku ya kudumu, ukiweka mzigo mkono wa ndani unataka kushuka, sensa ya mwanga inaona umeanza kushuka, umeme unaongezwa kwenye koili mpaka mkono urudi palepale ulipokuwa. Kiasi cha umeme kilichohitajika ndicho kinachogeuzwa kuwa namba. Kwa hiyo mizani haijui gramu, inajua umeme, na kitu pekee kinachoiambia kwamba umeme kiasi hiki unaitwa gramu 200 ni lile jiwe uliloliweka ulipobonyeza CAL. Ukiipa jiwe la gramu 200 itakwenda sawa. Ukiipa jiwe la gramu 199.9940 ukaiambia ni 200, itakuamini, na kuanzia hapo kila kitu kitasoma zaidi kwa sehemu 30 kwa milioni mpaka mtu abonyeze tena.

Usikivu unaweza kuhama kwa sababu nyingine pia na ilibidi ziangaliwe. Joto la chumba linabadilisha nguvu ya ile sumaku, mizani nzuri inajisahihisha lakini bado inabaki na kama sehemu 1 au 2 kwa milioni kwa kila nyuzi moja. Kupata 30 ungehitaji chumba kiyumbe kwa nyuzi 15 na zaidi, na chumba kile hakikuyumba hivyo. Mvutano wa dunia nao unahesabika, unapungua kama sehemu 3 kwa milioni kila ukipanda mita 10, kwa hiyo ukihamisha mizani ghorofa tatu juu bila kuirekebisha, gramu 200 itasoma pungufu kwa zaidi ya nusu miligramu, ila mizani ile haikuwa imehamishwa hata meza. Kutokuwa sawa kwa miguu kungeleta kosa la upande mmoja, na kiputo kilikuwa katikati kila siku. Ikabaki CAL.

Wazo lililosaidia sana lilikuwa rahisi. Kibakuli kimoja cha kati kiliwekwa pembeni kiwe mlinzi, hakiwekwi maji, hakiingii oveni na wengine, kinakaa desiketa tu, na kila mtu anayetumia mizani anakipima kabla ya kazi yake na kuandika namba pamoja na herufi za jina lake na saa. Hakuna chochote kinachotokea kwenye kibakuli hicho kwa hiyo uzito wake hauna sababu ya kubadilika. Baada ya muda namba zikawa zimejikusanya, na hazikutawanyika ovyo kama ambavyo ungetegemea kwa kosa la bahati nasibu. Zilikuwa makundi mawili. Kundi moja limezunguka 74.8213, lingine 74.8235, katikati hapakuwa na kitu. Tofauti 2.2 mg, ambayo kwa gramu 75 ni zile sehemu 30 kwa milioni.

Makundi mawili maana yake mizani ina ukweli mbili na inabadilishana kati yake. Ukizilinganisha na herufi za majina, kundi la juu lilikuwa la zamu moja na kundi la chini la zamu nyingine. Sasa hapa inahitaji busara kwa sababu ukifika hatua hii watu wanaanza kuangaliana vibaya, nani anakosea, nani hafuati utaratibu. Wote wawili walikuwa wanafuata utaratibu neno kwa neno. Mmoja wao alisema kitu cha maana sana, "Dada, mimi natumia jiwe la sanduku langu na yeye la sanduku lake, mawe yote yana cheti." Kumbe kulikuwa na masanduku mawili, na mpaka hapo hakuna aliyekuwa amefikiria kuuliza hilo kwa sababu daftari lilikuwa na safu ya namba ya ukaguzi lakini halikuwa na safu ya jiwe gani limetumika.

Masanduku yakafunguliwa. Yote mawili yameandikwa daraja F1. Kwenye madaraja ya OIML, shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, jiwe la gramu 200 la F1 linaruhusiwa kukosea mpaka 1.0 mg, na la E2 0.3 mg. Mawe yote mawili yalikuwa ya chuma kinachong'aa, umbo lilelile lenye kishikio juu, ukiyaweka mbali kidogo huyatofautishi. Ila moja juu yake karibu na namba 200 kulikuwa na herufi M ndogo. Jiwe la F1 linaandikwa uzito tu, herufi ya daraja haimo. M ni alama ya daraja la M1, na jiwe la gramu 200 la M1 linaruhusiwa kukosea mpaka 10 mg.

Kuona herufi sio ushahidi, lilipimwa. Mizani ilikuwa imewashwa tangu jana yake, ikarekebishwa kwa jiwe la F1 lenye cheti halali, halafu mawe mawili yakapimwa kwa mpangilio wa A, B, B, A ili kama mizani inahama polepole kuhama huko kujifute kwenyewe. Jiwe zuri likatoa 200.0001, lenye M 199.9941, lenye M tena 199.9940, zuri tena 200.0000. Chukua wastani wa kila moja na utoe, jiwe la M ni pungufu kwa 6.0 mg. Gawanya 6 mg kwa gramu 200, ni sehemu 30 kwa milioni. Ile ile namba iliyotoka kwenye vibakuli, kwenye blanki, na kwenye mlinzi.

Na ningependa lieleweke kwamba jiwe lile halikuwa bovu. Pungufu ya 6 mg iko ndani ya haki yake, M1 ni jiwe la kazi nyingine, la kukagulia mizani za digiti mbili pale chini. Lilikuwa tu mahali pasipo pake. Inavyoonekana mawe ya maabara nzima yalirudi kutoka kwenye upimaji wa mwaka siku moja, masanduku yakafunguliwa kwenye meza moja kuhakiki vyeti, na wakati wa kurudisha mawe mawili yakabadilishana nafasi. Jiwe halisi la F1 lilikutwa kwenye sanduku la mawe ya M1, limekaa kimya huko likikagua mizani ambayo haiwezi hata kuona tofauti.

Turudi kwenye lile daftari safi, kwa sababu kwangu mimi hapo ndipo penye uzito wa kisa chote. Jiwe lililotumika kuifundisha mizani ndilo lililotumika kuikagua. Ukiifundisha kwamba jiwe hili ni 200.0000 halafu dakika moja baadaye ukaiuliza jiwe hili ni ngapi, itakujibu 200.0000, hata jiwe lenyewe likiwa na gramu 190, ili mradi mizani imelikubali. Ukaguzi wa namna hiyo unathibitisha tu kwamba mizani inakumbuka ulichoiambia dakika moja iliyopita. Watu wanaita CAL kalibresheni kwa sababu kitufe kimeandikwa hivyo, lakini kinachofanyika pale ni marekebisho, unabadilisha mizani. Kalibresheni ni kulinganisha, unaweka jiwe lenye thamani inayojulikana unaandika mizani imesema nini na tofauti ni kiasi gani, na hugusi chochote. Unaweza kurekebisha bila kulinganisha na ndicho kilichokuwa kinafanyika kila asubuhi.

Kuna swali ambalo lilileta ubishi, kwamba mbona wenzetu wa kitengo cha vitendanishi wanatumia mizani hiyohiyo na hawajawahi kulalamika. Hesabu yake ni fupi. Ukipima gramu 1 ya chumvi, sehemu 30 kwa milioni ni 0.03 mg, mizani haiwezi hata kuionyesha. Hata ukiweka chombo cha gramu 75 ukabonyeza sifuri kisha ukaongeza gramu 1 palepale, chombo kimeshaondolewa na mizani ileile yenye ukweli uleule, kosa linabaki kwenye ile gramu 1 peke yake. Mabaki ya maji ni tofauti kwa sababu chombo kinapimwa leo na kurudiwa kesho, na katikati mtu amebonyeza CAL, kwa hiyo kosa linakaa kwenye gramu 75 zote wakati unachotafuta ni miligramu 20. Kibakuli kikipimwa mara zote mbili upande mmoja, yaani chini ya jiwe lilelile, hata upande ule mbaya, jibu linatoka sawa tu. Ndio maana blanki nyingine zilikuwa 0.1. Zile za +2.2 zilianzia zamu ya jiwe zuri zikamalizikia ya jiwe la M, na za −2.3 zilikwenda kinyume chake.

Kabla ukweli haujajulikana kulikuwa na pendekezo la kuacha kabisa kubonyeza CAL, kwamba mizani iachwe ilivyo. Nalielewa, na kweli blanki zingetulia sana, ila lingeficha tatizo na kuacha jingine wazi. Chukua sehemu 1.5 kwa milioni kwa kila nyuzi, chumba kiwe nyuzi 20 siku ya kwanza na 25 siku ya pili, kwa kibakuli cha gramu 75 umeshapata zaidi ya 0.5 mg bila mtu yeyote kukosea. Marekebisho yanahitajika, hasa kwenye mizani isiyo na jiwe la ndani kama ile. Zile zenye jiwe la ndani zinajirekebisha zenyewe joto likibadilika na zingeepuka kisa hiki, lakini nazo zinahitaji jiwe la nje kuzilinganisha kila baada ya muda maana jiwe la ndani nalo linaweza kushika uchafu na huwezi kuliona.

Kilichobadilishwa ni vitu vichache. Asubuhi kabla ya kubonyeza chochote linawekwa jiwe la gramu 100 la F1, jiwe lisilotumika kamwe kwenye CAL, na namba inaandikwa kama ilivyokutwa. Hii ya kabla ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote kwa sababu inakuambia kazi ya jana ilifanywa na mizani ya namna gani. Kama ingekuwepo tangu mwanzo, asubuhi ya kwanza baada ya zamu ya jiwe la M ingesoma 100.0030 na kisa kizima kingeishia pale. Kisha CAL kwa jiwe la 200, kisha jiwe la 100 tena. Daftari likapata safu ya namba ya jiwe. Mawe ya M1 yalihamishiwa kabati jingine kabisa. Mizani haizimwi usiku, inaachwa kwenye umeme, kwa sababu ikizimwa inahitaji mara nyingi saa 1 au zaidi kupata joto lake na watu wana haraka asubuhi. Na kibakuli mlinzi kikabaki kazini, kinapimwa mwanzo na mwisho wa kila kundi la vibakuli.

Mlinzi huyo hakutulia kabisa hata baada ya hapo, bado anasogea 0.1, 0.2, mara chache 0.3 mg kati ya siku na siku, na kuna waliopata wasiwasi kwamba tatizo limerudi. Hiyo ni hewa. Kibakuli cha kauri cha gramu 75 kina ujazo wa kama sentimita za ujazo 31, wakati gramu 75 za chuma cha jiwe ni 9 na kitu tu, kwa hiyo hewa inakibeba kibakuli zaidi kuliko inavyobeba jiwe. Uzito wa hewa ukibadilika kwa asilimia 1, na hilo linatokea kanieneo ikihama kwa hektopaskali 10 au joto kwa nyuzi 3, kibakuli kinahama kwa karibu 0.26 mg. Hakuna CAL ya kuondoa hiyo maana jiwe na kibakuli havina msongamano mmoja. Lakini mlinzi ni kauri ileile, kwa hiyo alivyosogea yeye ndivyo walivyosogea wenzake kwa uwiano wa uzito wao, unatoa kusogea huko kwenye kila kibakuli na blanki zinarudi ndani ya 0.1.

Kazi iliyobaki ilikuwa matokeo ya nyuma. Mwanzo wa tatizo ulipatikana kwa kurudi kwenye blanki mpaka pale zilipokuwa nzuri, na ikaangukia wiki ileile mawe yaliporudi. Kila sampuli kuanzia hapo ikatafutwa, nani alirekebisha mizani siku ya uzito wa kwanza na nani siku ya pili. Zile za upande mmoja ziliachwa kama zilivyo. Zile zilizovuka upande na maji yake bado yapo, yamehifadhiwa baridi na hayajapita siku 7, zilirudiwa upya. Zilizovuka na maji hayapo, uzito uliopimwa chini ya jiwe la M ulizidishwa kwa 0.99997. Mimi niliona hilo ni halali kwa sababu ukubwa wa kosa ulikuwa umepimwa moja kwa moja, na zaidi ya hapo ulijaribiwa kwenye blanki za kipindi chote hicho kwanza, ile ya +2.2 ikashuka mpaka sifuri, ile ya −2.3 ikawa −0.1, hakuna hata moja iliyobaki nje ya 0.3. Ripoti zilizoguswa zikatolewa upya zikiwa na maelezo ya kilichobadilishwa na kwa nini, zikapelekwa kwa wenye maji.